KIMYA, HAKUNA NA BADO: Uhakiki wa Alama ya Ukosefu katika Ujumbe wa Kompyuta

Katika hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, konsonanti yaweza kumfikia msomaji katika hali tatu. Yaweza kuwa na irabu juu yake au chini yake. Yaweza kuwa na sukuni, ile duara ndogo isemayo kwamba hapa hapana irabu. Tena yaweza kuwa haina alama yo yote. Hali ya pili na ya tatu zafanana kwa kuwa katika zote mbili irabu haionekani, walakini maana zake zi mbalimbali. Sukuni ni neno la mwandishi: amefika mahali pale, ametazama, na ameamua kwamba irabu haipo. Herufi isiyo na alama si neno la mtu ye yote. Huenda mwandishi alikuwa na haraka. Huenda aliamini kwamba msomaji aijua lugha. Huenda alisahau tu. Kila aliyepata kusoma barua ya kale isiyotiwa irabu aijua kazi ya kukisia ambayo kimya hicho humtwika msomaji.

Tofauti hiyo ya sukuni na herufi isiyo na alama ndiyo iliyo katika kiini cha jambo linalohakikiwa hapa, ijapokuwa jambo lenyewe ni la siku hizi. Programu za kompyuta hupelekeana habari kwa njia ya intaneti katika mpango uitwao huduma za wavuti: programu moja huuliza, nyingine hujibu, na swali na jawabu huandikwa katika ujumbe wenye majina na thamani zake. Ujumbe juu ya mgonjwa waweza kutaja jina lake, mwaka wake wa kuzaliwa, namba yake ya simu, na dawa zinazomdhuru. Taabu huanza pale ambapo mtumaji hana la kuandika mbele ya jina fulani. Je, aliache jina lenyewe lisitajwe? Alitaje na kuacha nafasi tupu mbele yake? Au aweke alama maalumu ya ukosefu, ambayo katika miundo mingi ya ujumbe huandikwa null?

Watungaji wa kanuni za ujumbe wamelijibu swali hilo mara nyingi tangu mwaka wa 2000, na majawabu yao ni maandiko yanayostahili kuhakikiwa kama maandiko mengine: kwa kupimwa kama yasema yanalokusudia, na kama msomaji aliye mbali aweza kuyaelewa bila ya kumwuliza aliyeyatunga. Hoja ya makala haya ni kwamba kanuni nyingi zimetoa alama bila ya kutoa maana. Na kwamba mwenye kusema Kiswahili, ambaye sarufi yake yamlazimisha kutenga kile kisichokuwapo na kile ambacho bado hakijawa, ana kipimo chema cha kuionea kasoro hiyo.

Maana tatu za ukosefu

Mtu akiulizwa, “Una mtoto?” aweza kujibu “Sina,” au aweza kujibu “Bado.” Idadi ya watoto katika majibu yote mawili ni moja, wala hesabu haitaona tofauti. Lakini jibu la kwanza laeleza hali na kuishia hapo, na la pili huuacha mlango wazi. Sarufi hutenda vivyo hivyo: hakuja si hajaja. Anayesema hakuja ameufunga wakati. Anayesema hajaja angali anatazama njia. Kiambishi kidogo cha -ja- hubeba habari ambayo lugha nyingine huhitaji neno zima la kuiongeza, na kwa kuwa si lazima kuliongeza, mara nyingi huachwa.

Mfano wa zahanati utaonyesha kwamba jambo hili si la sarufi peke yake. Karani amwuliza mgonjwa wa kwanza kama penisilini humdhuru. Mgonjwa ajibu kwamba haimdhuru. Mgonjwa wa pili aletwa akiwa amezimia na hana jamaa. Swali lipo, lakini hakuna wa kulijibu. Wa tatu afika siku ya msongamano, na karani apitisha fomu yake bila ya kumwuliza. Ikiwa mtambo wa zahanati huwaandikia wote watatu alama moja ya null, daktari wa hospitali ya mji mwingine atakayeupokea ujumbe ataona wagonjwa watatu walio sawa. Wa kwanza ni salama kuchomwa sindano. Wa pili na wa tatu hawajulikani. Na wa tatu angeweza kujulikana kwa swali moja. Habari iliyopotea hapo haikupotelea njiani. Ilipotezwa mezani, kabla ujumbe haujafungwa.

Basi kuna walau maana tatu: kimya, yaani jambo halikutajwa, hakuna, yaani jambo limechunguzwa na limeonekana halipo, na haijulikani, yaani jambo lipo au laweza kuwapo, ila ukweli wake haujapatikana. Ziko na nyingine, kama vile jambo lisilohusika kabisa, mfano wake idadi ya mimba za mwanamume, na jambo lililofichwa kwa makusudi. Lakini hizo tatu za kwanza zatosha kuwa mizani.

Asili ya alama

Alama yenyewe ni ya kale kwa umri wa kompyuta. C. A. R. Hoare aliitia rejeo tupu katika lugha ya programu ya ALGOL W mwaka wa 1965. Mwaka wa 2009, akihutubia mkutano wa wanaprogramu jijini London, aliliita tendo hilo kosa lake la dola bilioni moja, na akaeleza kwamba kilichomshawishi ni wepesi wa kulitekeleza. Katika uwanja wa hifadhidata, E. F. Codd, aliyetoa nadharia yake ya uhusiano mwaka wa 1970, aliikubali alama ya ukosefu na kuijadili kwa urefu katika makala yake ya 1979. Hata yeye hakuridhika na alama moja. Katika kitabu chake cha 1990 alitaka ziwe mbili: moja ya thamani inayohusika ila haipo mkononi, na nyingine ya thamani isiyohusika kabisa. Wajenzi wa hifadhidata hawakumfuata, na lugha ya SQL ikabaki na NULL moja.

Matokeo ya umoja huo ni ya ajabu kwa asiyeyazoea. Katika SQL, ulinganisho wo wote na NULL hautoi ndiyo wala siyo, bali hutoa hali ya tatu, isiyojulikana. Mtu akiomba orodha ya watu wote ambao mji wao si Mombasa, yule ambaye mji wake umeandikwa NULL hataonekana katika orodha hiyo. Wala hataonekana katika orodha ya watu wa Mombasa. Hapa NULL yasomwa kama haijulikani. Walakini karani aliyeiandika huenda alikuwa na maana kwamba mtu huyo hana mji. Mtambo umechagua maana moja kwa niaba ya waandishi wote.

SOAP na skima ya XML

Kanuni ya SOAP, toleo la 1.1, ilitangazwa Mei 2000, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa huduma za wavuti baina ya mabenki, mashirika na serikali. Katika sehemu yake ya usimbaji, yaruhusu thamani tupu ionyeshwe kwa kuiacha elementi isitajwe, au kwa kuitaja pamoja na alama maalumu. Kisha yasema kwamba elementi iliyoachwa yaweza kumaanisha ama thamani ya kawaida inayotumika mahali pake, ama kwamba hakuna thamani ijulikanayo. Na uamuzi ni wa muktadha.

Hapa pana kasoro kubwa ya maana. Thamani ya kawaida ni jambo ambalo pande zote mbili zalijua hata likiachwa. Kutojulikana ni jambo ambalo hakuna upande uujuao ukweli wake. Kanuni imeziweka hali mbili zilizo kinyume chini ya kimya kimoja, kisha imemwambia msomaji atafute mwenyewe. Ni kama mtunzi wa kamusi aliyeandika kwamba neno fulani maana yake ni mchana au usiku, kwa kadiri ya muktadha. Yaweza kusemwa kwa kuitetea kwamba kanuni ya jumla haiwezi kuzijua huduma zote zitakazoitumia. Utetezi huo ni wa haki, lakini ungekuwa na nguvu zaidi kama kanuni ingemtaka kila mwenye huduma aeleze muktadha wake. Haikumtaka.

Skima ya XML, iliyotolewa Mei 2001, ilikwenda hatua mbele. Iliweka sifa ya xsi:nil, ambayo elementi iliyoruhusiwa yaweza kuibeba kutangaza kwamba haina kitu. Hii ndiyo sukuni ya XML. Elementi inayosema nil haiwezi kuwa na maandishi ndani yake, walakini yaweza kuwa na sifa nyingine. Na hiyo ni nafasi ya thamani kubwa, maana sifa hizo zingeweza kutumika kuelezea sababu ya ukosefu. Juu ya hayo, skima yampa mwandishi hali tatu zilizo wazi: elementi isiyotajwa, elementi iliyotajwa ikiwa tupu, na elementi iliyotangazwa kuwa nil. Kwa maandishi, tupu ni jibu halali. Kwa namba kamili, tupu ni kosa, kwa kuwa utupu si namba.

Lakini chombo chema hutegemea mkono ulioshika. Waandishi wengi wa huduma huiruhusu elementi moja isitajwe na tena iwe nil, bila ya kuandika mahali po pote tofauti ya hali hizo mbili. Programu ya JAXB, inayogeuza skima kuwa madarasa ya Java, ikikutana na elementi kama hiyo hutengeneza kifuko maalumu ili hali zote zisichanganyike. Kifuko hicho huwaudhi wanaprogramu wengi, na ipo namna ya kukiondoa, nao hukiondoa. Yaani mtambo ulihifadhi tofauti ambayo watu waliiandika bila ya kuikusudia. Watu walipoiona wakaitupa. Aliyelaumika si mtambo.

Uchache wa JSON

Muundo wa JSON, ulioandikwa katika waraka wa RFC 4627 wa mwaka 2006 na kurekebishwa hata RFC 8259 ya Desemba 2017, umechukua mahali pa XML katika sehemu kubwa ya huduma za wavuti. Ni muundo mfupi na wenye adabu ya uchache. Una maneno matatu tu yasiyo namba wala maandishi: true, false na null. Juu ya maana ya null, waraka hausemi neno.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. JSON haikuahidi maana. Iliahidi namna ya kuandika, na ahadi hiyo imeitimiza. Lakini pengo lililoachwa na waraka limejazwa na desturi, na desturi hazipatani. Katika lugha ya Java peke yake, maktaba ya Jackson, isipoagizwa vingine, huandika null kwa kila kipengele kisicho na thamani. Maktaba ya Gson, isipoagizwa vingine, hukiacha kipengele hicho kisitajwe. Programu mbili zenye habari zile zile, zilizoandikwa kwa lugha moja, hutuma ujumbe mbili zisizofanana, na tofauti yenyewe haina maana yo yote ila tabia ya maktaba. Katika JavaScript kipengele ambacho thamani yake haikufafanuliwa huachwa kinapokuwa ndani ya kitu, lakini hugeuzwa null kinapokuwa ndani ya orodha. Na tokeo la hesabu iliyoharibika, ambalo lugha huliita si-namba, nalo hugeuzwa null. Hivyo alama iliyokuwa na maana tatu yapata ya nne: hesabu ilishindikana. Katika lugha ya Go agizo la kuacha kilicho tupu huviacha pia sifuri, siyo, na maandishi yasiyo na herufi, ijapokuwa sifuri ni jibu kamili.

Hata ujumbe unapofika salama, tofauti yaweza kufia mikononi mwa mpokeaji. Kitu cha kawaida cha Java hakina nafasi ya kukumbuka kama kipengele kilitajwa kuwa null au hakikutajwa kabisa; vyote viwili hukaa humo kama null. Mtumaji alitia sukuni, na mnakili akaifuta.

Upunguzaji wa namna hiyo ulijaribiwa kwa makusudi katika toleo la tatu la Protocol Buffers la Google, lililotoka mwaka wa 2016. Namba ambayo thamani yake ni sifuri haikutumwa, na mpokeaji asiyepata namba alisoma sifuri. Sifuri na kimya vikawa kitu kimoja. Wepesi huo haukudumu: toleo la 3.15 la mwaka 2021 lilirudisha rasmi neno la kutangaza kwamba kipengele ni cha hiari na kwamba kuwapo kwake kuangaliwe. Ni ushahidi mzuri kwamba tofauti hii si urembo wa wanasarufi. Watu waliinyimwa, wakaidai, wakarudishiwa.

Waraka uliosema wazi

Miongoni mwa maandiko yanayohakikiwa, RFC 7396 ya Oktoba 2014 yastahili sifa ya pekee, na lawama ya pekee pia. Waraka huo waeleza namna ya kurekebisha hati ya JSON kwa kutuma sehemu iliyobadilika tu. Kanuni yake ni fupi: kipengele kisichotajwa kiachwe kama kilivyo, kilichotajwa na thamani, kiwekewe thamani hiyo, kilichotajwa kuwa null, kiondolewe. Hapa kwa mara moja kimya na null vimetengwa bila ya shaka, na msomaji hahitaji kukisia.

Lawama ni kwamba waraka umeitumia alama kwa kazi isiyo yake. Null sasa si habari, ni amri; haisemi kwamba simu ya Asha haijulikani, bali yaamuru simu ya Asha ifutwe. Anayetaka kuandika kwamba kipengele kipo na thamani yake ni null hana njia. Waraka wenyewe wakiri kwamba haufai kwa hati zinazotumia null kama thamani, na ukweli huo wapaswa kusifiwa. Lakini onyo hilo halimfikii mtu ambaye hajui kwamba programu yake huandika null. Tuseme programu moja yataka kubadili jina tu, na maktaba yake, kwa tabia iliyokwisha elezwa, yaandika null kwa simu, anwani na jina la jamaa wa karibu, kwa sababu havikujazwa. Mpokeaji, akitii waraka neno kwa neno, avifuta vyote. Hapana aliyevunja kanuni, na rekodi ya mtu imeharibika.

Waraka wa RFC 6902, uliotolewa Aprili 2013, ulikuwa umechagua njia nyingine: kila badiliko huandikwa kwa kitenzi chake, ongeza, ondoa, badilisha, hamisha. Ni mrefu zaidi na huchosha kuandika. Walakini panapotakiwa amri, kitenzi ni bora kuliko alama, kwa kuwa hakuna mtu anayeandika “ondoa” kwa kusahau.

Maandiko ya hospitali

Watu wa afya ndio walioifikiria alama hii kwa undani zaidi, pengine kwa kuwa gharama ya kukosea huionekanisha wao upesi. Katika toleo la pili la kanuni za HL7, ambalo asili yake ni mwishoni mwa miaka ya 1980, nafasi iliyoachwa wazi humaanisha kwamba mtumaji hakusema, na mpokeaji asibadili kitu. Alama mbili za kunukulia zisizo na kitu kati yake humaanisha kwamba thamani ifutwe. Yaani tofauti ambayo JSON iliiandikia waraka mwaka wa 2014 ilikuwa imekwisha fanyiwa kazi mahospitalini miaka mingi kabla yake.

Toleo la tatu lilizidi: lilitunga orodha ya aina za ukosefu, miongoni mwake aliulizwa lakini hajui, hakuulizwa, haipatikani kwa sasa, haihusiki, na imefichwa. Orodha hiyo ni ya kisomi na ya kuvutia, ila iliwekwa kila mahali, hata katika vipengele ambavyo ukosefu wake haukuwa na maana. Mtu anayelazimishwa kuchagua sababu mara mia kwa siku huchagua ya kwanza iliyo mbele ya macho yake, na orodha iliyokusudiwa kuongeza ukweli yaweza kuongeza uongo uliopangwa vizuri. Kanuni mpya ya FHIR ilijifunza. Haikubali null ovyo katika JSON yake. Huiruhusu tu ndani ya orodha ili nafasi zilingane. Sababu ya ukosefu huandikwa kama nyongeza pale inapohitajika. Na orodha nzima ikiwa tupu, kwa mfano orodha ya mizio, yaweza kutajiwa sababu: hakuna kijulikanacho, hakuulizwa, imezuiwa, haipatikani, kazi haijaanza, au orodha imefungwa.

Hapo ndipo Kiswahili chaweza kuongeza neno. Maandishi ya asili ya kanuni hizo ni ya Kiingereza, na sababu ya “hakuulizwa” katika Kiingereza haisemi kama swali limepita au lingali linangojewa. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kukwepa: ni lazima aandike hakuulizwa au hajaulizwa. Akiandika hakuulizwa, muuguzi wa zamu inayofuata atadhani kwamba jambo limekwisha. Akiandika hajaulizwa, muuguzi ajua kwamba pana kazi imebaki. FHIR yenyewe imeiona tofauti hiyo mahali pamoja, maana yatenga lisilojulikana na lisilojulikana kwa sasa ambalo latarajiwa kujulikana. Kwa Kiswahili, haijulikani na haijajulikana. Haikuiona mahali pengine. Mfasiri aliye mwangalifu hapaswi kuchagua kwa sikio tu; yampasa awaulize watungaji walikusudia nini, na huenda swali lake likawafaa hata wao.

Ushahidi wa karibu zaidi watoka katika takwimu za afya. Mfumo wa DHIS2, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, ulianza kutumika Kenya nzima mwaka wa 2011, na Tanzania nayo huutumia. Vituo vya afya huingiza hesabu za mwezi, na programu nyingine huzituma na kuzichukua kwa njia ya huduma za wavuti. Katika mfumo huo sifuri haihifadhiwi isipokuwa msimamizi ameagiza ihifadhiwe kwa kipengele hicho, ili kuokoa nafasi. Sababu ni ya busara, kwa kuwa fomu nyingi zina sifuri kuliko namba nyingine. Lakini zahanati iliyoandika kwamba mwezi huu hapakuwa na mtoto mwenye surua, na zahanati ambayo haikuandika kitu, zaweza kuonekana sawa. Katika upelelezi wa magonjwa hizo si sawa hata kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika kuupeleleza ugonjwa wa kupooza, hudai taarifa itumwe hata kama hesabu ni sifuri, maana sifuri ni ushahidi wa mtu aliyetafuta, na kimya si ushahidi wa cho chote. Yafaa kusemwa kwa haki kwamba DHIS2 ina dawa yake: mwenye kujaza aweza kuitia fomu nzima alama kwamba imekamilika, na alama hiyo ikiwapo, nafasi tupu zilizomo zapata msemaji. Aliyezichukua hesabu bila ya kuiangalia alama hiyo ameiacha nusu ya ujumbe.

Suala la istilahi

Yabaki kuulizwa jina gani la Kiswahili laifaa null. Manne yaja upesi mdomoni, na kila moja lina dosari. Sifuri, ijapokuwa asili yake ya Kiarabu ni utupu, sasa ni namba, na namba ni jibu. Tupu ni sifa ya chombo kilichopo kisicho na kitu ndani. Lafaa kwa maandishi yasiyo na herufi, na lingeachiwa kazi hiyo. Batili ni neno la sheria: mkataba batili ni ule uliodai nguvu ukanyimwa. Ujumbe wenye null ni halali kabisa, na kuuita batili ni kumtia msomaji katika kosa. Hakuna ni sentensi iliyokwisha kuamua. Laeleza maana moja kati ya tatu, na kulifanya jina la alama ni kurudia kosa lile lile kwa Kiswahili.

Neno ukosefu lina upungufu unaofaa hapa. Lasema kwamba kitu kimekosekana bila ya kudai kujua sababu, na hivyo ndivyo null ilivyo. Kwa hiyo alama yenyewe yaweza kuitwa alama ya ukosefu, na maana zake zikapewa majina matatu ya kitenzi: kutotajwa, kutokuwapo, na kutojulikana. Majina hayo hayahitaji kamusi mpya, na mwenye kuyasoma hawezi kuyachanganya.

Hukumu

Kwa kuyapima maandiko yote pamoja, yaonekana kwamba kosa lao la kawaida si uchache wa alama. XML ina alama za kutosha. JSON ina moja nayo hutosha kwa huduma nyingi. Lililopungua ni sentensi. Kila huduma ingeandika, kwa kila kipengele, kimya chamaanisha nini, na alama ya ukosefu yamaanisha nini. Na kama zamaanisha kitu kimoja, iseme hivyo na ikubali moja tu. Mtumaji asiiachie maktaba kuchagua kwa niaba yake. Mpokeaji asiyeweza kuihifadhi tofauti aikatae waziwazi, kuliko kuipokea na kuifuta. Sentensi hizo hazina ugumu wa kiufundi, na ndiyo sababu huachwa: fundi huona si kazi yake, na mwenye lugha haitwi.

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, wasema wahenga, na mshindo huo husikika baada ya jambo kuharibika. Mnakili wa zamani alipotia sukuni juu ya herufi hakuongeza sauti yo yote katika neno. Aliongeza ushahidi kwamba alifika mahali pale na kutazama. Daktari anayesoma rekodi ya mgonjwa asiyemjua hataki zaidi ya huo.